Friji Si ya Wageni

Nitasema hivi na najua kuna watu watanirukia: vijana wengi Nairobi tunanunua friji kwa ajili ya watu ambao hawakai kwetu. Tunanunua ya wageni. Ya picha. Ya ile siku mathe atakuja kukagua keja na aseme, "Eh, umejipanga." Halafu wageni wakienda na mathe akirudi ushago, tunabaki na kabati kubwa lenye chupa mbili za maji, nusu kitunguu, na tokeni zinazoisha Jumatano ilhali tulinunua Jumapili.

Sina shida na mtu kupenda vitu vizuri. Hata mimi navipenda. Lakini friji si kama kochi ama televisheni. Televisheni ukiizima, imezima. Kochi halili stima. Friji inakula pesa zako usiku na mchana, ukiwa kazini, ukiwa umelala, hata ukiwa umeenda kwenu Desemba na ukaisahau ikiwa imewaka. Bei unayolipa dukani ni kiingilio tu. Mechi yenyewe unailipia kila mwezi kwa miaka kumi.

Kwa hivyo mtu akiniuliza, "Friji gani poa?", huwa namrudishia swali: wewe hula nini, na hupika lini?

Chukua watu wawili. Wa kwanza anakaa bedsita Roysambu. Mchana anakula kazini. Jioni akishuka matatu anapitia kwa mama mboga, anachukua sukuma iliyokatwa tayari, nyanya tatu, kitunguu kimoja, na pakiti ya maziwa ya chai. Anapika, anakula, anamaliza. Huyu hana kitu cha kuweka kwa friji. Mama mboga ndiye friji yake, na hata stima hamlipii. Akinunua friji leo amenunua pambo. Maziwa yale ya muda mrefu, yasiyotaka baridi kabla ya kufunguliwa, yanamtosha kabisa.

Wa pili anakaa Umoja na dada yake mdogo. Jumapili anachemsha maharagwe, ndengu na mahindi ya githeri. Kila mtu aliyewahi kuchemsha maharagwe kwa gesi ya kilo 6 anajua ule uchungu wa kutazama mtungi ukiisha kabla maharagwe hayajaiva. Ukichemsha mara tatu kwa wiki, gesi inakumaliza. Ukichemsha mara moja, ukagawa kwenye mikebe ya siku moja moja na kuweka kwa friza, basi friji imeanza kukurudishia pesa. Nyama ukinunua kilo mbili mwisho wa mwezi inakaa. Samaki anakaa. Na kuna jambo ambalo hatulisemi sana: kwenye nyumba nyingi, anayetumwa kibandani mara nne kwa jioni, nyanya sasa, dania baadaye, maziwa tena, huwa ni dada mdogo. Anayesimama jikoni kungoja maharagwe saa mbili badala ya kusoma huwa ni yeye. Friji inayofaa inampa jioni yake. Hiyo kwangu ni sababu kubwa kuliko maji baridi.

Sasa, huyu wa pili anahitaji nini? Anahitaji friza. Na hapo ndipo dukani wanatumaliza.

Kuna nyota za aina mbili kwenye friji, na wauzaji wengi hawakuelezi tofauti. Aina ya kwanza ni nyota za stima. Kenya tuna kanuni za mwaka 2016 zinazosimamiwa na EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, zinazotaka friji ziwe na lebo ya nyota, kuanzia moja hadi tano. Nyota nyingi, stima kidogo. Aina ya pili ni zile nyota ndogo zilizochorwa kwenye mlango wa friza au ndani yake. Hizo hazihusu stima. Zinahusu baridi. Nyota moja maana yake friza inafika nyuzi 6 chini ya sufuri. Mbili ni nyuzi 12 chini ya sufuri. Tatu ni 18 chini ya sufuri. Nne ni hizo hizo 18, lakini friza ina nguvu ya kugandisha chakula kibichi kutoka mwanzo, si kuhifadhi kilichoganda tayari pekee.

Ona sasa. Zile friji ndogo za mlango mmoja, zenye kisanduku cha barafu pale juu ndani, mara nyingi kile kisanduku ni cha nyota moja au mbili. Kinatengeneza barafu ya soda, sawa. Lakini ukiweka nyama ya mwezi mzima humo unajidanganya. Mtu wa kugandisha maharagwe na nyama atafute friji ya milango miwili, friza ikiwa na mlango wake na nyota nne. Haihitaji kuwa kubwa. Nimesindikiza marafiki Luthuli mara nyingi, na kila mara naona mtu analinganisha rangi ya milango bila hata kufungua friza kuangalia ndani.

Kuhusu ukubwa, usinunue lita za ndoto. Mtu mmoja anayepika, lita 90 hadi 130 zinamtosha. Wawili au watatu, 150 hadi 220. Familia ya watu wanne au watano, 250 hadi 350 kulingana na upishi wao. Friji kubwa isiyo na kitu haikusaidii. Kila ukifungua mlango, hewa baridi inamwagika nje na joto linaingia, na kama ndani hakuna chakula cha kushikilia baridi, mashine inaanza kazi upya. Ukishakuwa na kubwa tayari, jaza chupa za maji.

Haya, twende kwa hesabu, kwa sababu hapa ndipo roho yangu iko.

Tafuta kwenye lebo nambari ya kilowati-saa kwa mwaka. Kilowati-saa moja ndiyo ile uniti moja ya tokeni. Tuseme kuna friji mbili zinazotoshana. Moja inakula uniti 240 kwa mwaka, nyingine 480. Ya kwanza ni uniti 20 kwa mwezi, ya pili ni 40. Kwa hesabu rahisi, weka uniti moja shilingi 28. Ya kwanza inakula shilingi 560 kwa mwezi. Ya pili 1,120. Tofauti ni 560 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 6,720. Kwa miaka kumi ni 67,200. Hiyo ni pesa ya kununua friji nyingine na chenji ibaki. Halafu tunaona mtu amechukua ile ya pili kwa sababu muuzaji alimpunguzia 3,000.

Na si hayo tu. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani ina ngazi tatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa 30 hadi 100, na wanaopita 100. Ngazi yako inatokana na wastani wa miezi mitatu. Ukivuka, unalipa bei ya juu kwa uniti zote, si zile za ziada pekee. Mtu wa taa, simu na televisheni anaweza kuwa kwenye uniti 20 kwa mwezi akilipa bei nafuu. Akiongeza friji ya uniti 20, anafika 40. Amevuka. Hata zile uniti 20 za zamani zimepanda bei. Ndiyo maana watu husema, "Tangu ninunue friji tokeni zimekuwa uchawi." Uchawi gani, ni hesabu. Sisemi usivuke. Nasema ujue unavuka, uweke kwa bajeti, na usivuke na friji ya kula uniti 40 wakati ya 20 ipo.

Kuna kitu kingine cha kusoma ambacho hata mimi sijawahi kusikia muuzaji akikitaja: daraja la hali ya hewa. Nyuma au ndani ya friji kuna kibandiko chenye herufi. SN ni ya mahali pa nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T ni 16 hadi 43. Hiyo ndiyo hewa ya jikoni ambayo friji ilitengenezewa. Sasa fikiria jikoni dogo Mombasa mwezi wa Februari, jiko linawaka, dirisha moja. Friji ya N pale inapumua kama mtu aliyepanda ngazi na gunia. Mashine haipumziki, tokeni zinayeyuka, na bado maziwa yanachacha. Watu wa pwani na wa Kisumu, tafuteni T au ST. Na ninyi wa Limuru na Nyahururu mko na shida ya upande wa pili: jikoni likiwa baridi sana, friji nyingi za kipimajoto kimoja hudhani kazi imekwisha, zinalala, na friza inaanza kuyeyuka. SN au ile iliyounganisha SN na T ndiyo yenu.

Hilo linanipeleka kwa mtumba kutoka ng'ambo. Najua ile stori: za Uingereza ni ngumu, za siku hizi ni karatasi. Kuna ukweli ndani yake, baadhi ya mashine za zamani zimeundwa vizuri kweli. Lakini friji nyingi za huko zilitengenezewa jikoni za kwao, si Likoni. Pia muuzaji atakuonyesha lebo ya "A+" kama amekuonyesha cheti cha digrii. Kwa vipimo vya zamani vya Ulaya, tangu Julai 2012 A+ ndiyo ilikuwa daraja la chini kabisa ambalo friji mpya ya nyumbani ingeruhusiwa kuingia sokoni. Machi 2021 wakabadilisha vipimo vyote vikawa A hadi G. Kwa hivyo hiyo A+ unayojivunia ni alama ya kupita mtihani kwa neema. Na friji ikizeeka, raba ya mlango inalegea, povu la ukutani linachoka, na mashine inakula zaidi ya kilichoandikwa.

Kama ni lazima mtumba, fanya haya: ikute ikiwa imewaka, si ikiwashwa ukifika. Funga mlango kwa karatasi katikati, kisha vuta. Karatasi ikitoka bila kubishana, raba imekwisha. Sikiliza kompresa: inafaa izime ikifikisha baridi, isilie mfululizo. Angalia kibandiko kujua gesi yake. R600a ndiyo utaiona kwenye nyingi za kisasa. Inashika moto, lakini iliyo ndani ni kidogo na mfumo umefungwa. Shida inakuja fundi asiyeijua akija kujaza gesi na mwali wa moto mkononi. Muulize fundi kabla hajafungua kisanduku chake cha vyuma.

Na tafadhali, tafadhali, kuhusu zile friji za kioo za kuuzia soda. Zimekuwa fasheni kwenye bedsita, taa ya ndani inang'aa vizuri usiku, video inatoka fiti. Lakini kioo hakizuii joto kama ukuta wenye povu, hazina friza, na zilitengenezewa duka. Tena nyingi huwa mali ya kampuni ya soda, mwenye duka aliazimwa tu. Unaweza kujikuta umenunua kitu ambacho aliyekuuzia hakuwa na haki ya kuuza.

Sasa lipa mdogo mdogo. Hapa nitaenda polepole kwa sababu najua wengi hamna njia nyingine. Tuseme friji ni 25,000 taslimu. Kwa mkopo unaweka 5,000, kisha shilingi 100 kila siku kwa mwaka. Mia moja inasikika kama nauli. Zidisha: 100 mara 365 ni 36,500. Ongeza ile 5,000. Umelipa 41,500. Umeongeza 16,500 juu, pesa ambayo ingelipia stima ya ile friji ya shilingi 560 kwa miezi 29. Ukiweka mia hiyo hiyo kando kila siku, kwa siku 250 uko na 25,000 mkononi. Ni miezi minane na kidogo.

Kuna mtu ambaye mkopo unamfaa: anayeuza. Kama unauza mala, juisi, barafu ama samaki, na friji inaingiza zaidi ya mia kwa siku kuanzia wiki ya kwanza, chukua. Lakini kama ni ya kuweka maji baridi yako, miezi minane haitakuua. Mama mboga bado yuko pale.

Ukishanunua, mambo ni machache lakini hayasamehe. Pima mlango na ngazi kabla ya kulipa. Watu wa Pipeline mnajua ile kona ya ghorofa ya nne. Friji isafiri ikiwa imesimama. Kama ililazwa, isimamishe na uipe saa kadhaa, hata usiku mzima, kabla ya kuwasha, ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Acha nafasi ya kiganja kimoja nyuma yake ipumue. Usiiweke karibu na jiko. Ndani iwe nyuzi 4 hivi, friza 18 chini ya sufuri. Na usiwahi kutoa barafu kwa kisu. Nimeona watu wakichongoa friza kama wanachonga mhogo. Ukitoboa pale ndani, gesi imekwenda, na mara nyingi friji imekwenda nayo. Zima, fungua mlango, weka kitambaa, ngoja.

Nunua pia kile kifaa cha kuilinda na stima inayopanda na kushuka. Stima ikirudi baada ya kupotea, kinangoja dakika chache kabla ya kuiwasha, na dakika hizo zina kazi: presha ya gesi ndani inahitaji kutulia, kompresa isianze ikiwa imebanwa. Na stima ikipotea, acha mlango. Ukiwa umefungwa, chumba cha kawaida kinashika baridi kama saa 4. Friza iliyojaa inaweza kushika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kila ukichungulia "kuona kama bado iko baridi", unaipunguza.

Najua mtaniambia, "Acha watu waenjoi pesa zao, maisha ni mara moja." Sawa. Kuna raha ya kweli kwenye kununua kitu kikubwa cha kwanza kwa jasho lako, hasa kama mlikua kwenu bila friji na mlikuwa mnatumwa kwa jirani na chupa ya maji kugandishiwa. Hiyo sitaicheka kamwe. Lakini ninachouliza ni raha ya nani na ya muda gani. Raha ya mgeni inaisha akifunga mlango. Raha ya kurudi saa mbili usiku umechoka, ukatoa mkebe wa maharagwe, ukakaanga kitunguu, ukala baada ya dakika 20 bila kumtuma mtu, hiyo unaipata hata Alhamisi ya tarehe 23 wakati mfuko umekauka.

Kwa hivyo kabla ya kwenda dukani, fanya kitu kimoja. Wiki hii andika kwenye simu kila chakula ulichonunua, ulichopika na ulichotupa. Siku saba tu. Ukiona hujatupa kitu na hukupika kitu cha kubaki, ngoja kwanza. Ukiona umetupa maziwa mara mbili na umechemsha maharagwe mara tatu, nenda, na uende ukijua unatafuta friza ya nyota nne, lita zako, na nambari ndogo kwenye lebo. Muuzaji akianza kukuonyesha mahali maji baridi yanatokea, mwambie maji utaweka kwa chupa.

Niambieni: friji yako saa hii ina nini ndani? Usipange kwanza. Fungua, uangalie, uandike ukweli.